Punje Zilizosinyaa

Kila asubuhi pale Tezo, Nyevu humwona jirani yake, mtafiti asiye na mke wala mgeni, akiyavika mahindi mifuko ya karatasi yasichavushwe na mengine, huku akiyasemesha. Vidole vyake haviishi vumbi la manjano la chavua. Kwa misimu saba alichanganya mahindi matamu ya ng'ambo na mbegu ya kienyeji aliyotunguliwa na Nyevu kutoka juu ya moshi wa jikoni. Mwaka wa themanini na tano alimletea aone hindi kavu, la pekee lililokubali mchanganyo huo. Punje zilikuwa zimesinyaa.

"Pole, mwanangu. Mbegu hii imekufa." Nyevu akalipukuchua, akawatupia kuku.

"Haijafa, mama. Iliyo tamu hukunjamana hivyo."

Mtafiti akapiga magoti katikati ya kuku, akaokota punje tatu.

Msimu uliofuata ilimea miche mitatu. Mtafiti aliisemesha kwa sauti ya chini, ili Nyevu, aliyesema mbegu imekufa, asisikie.