Tambi za Mama Kola

Mimi nina hasira za karibu, nakubali. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini kwa haya nitakayowasimulia, hata mtu mpole kama maji ya mtungi angerusha kitu.

Namzungumzia dada yangu. Tumbo moja, baba mmoja, ila yeye alichukua upole wote akaniachia mimi mdomo. Anafanya kazi kiwanda cha mashati. Shati linapita mikononi mwa watu wengi mle ndani: huyu mikono, yule vifungo, mwingine pasi, na dada yangu kola. Kola asubuhi, kola mchana, kola jioni. Amezishona mpaka wenzake wakamwita Mama Kola, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Hata mama mkwe wake humwita hivyo siku akiwa radhi naye, yaani mara chache.

Jioni anatoka kiwandani nywele zimejaa vumbi la pamba, kama mtu aliyelala kwenye godoro lililopasuka. Miguu imevimba. Anafika nyumbani, na nyumbani kuna watu. Yupo mama mkwe, mzima wa afya, sauti yake inafika barabarani. Yupo wifi yake, aliyeachana na mume akarudi kwao, na tangu arudi hajainua hata ufagio. Yupo binti wa dada mwenyewe, yuko sekondari, vidole havibanduki kwenye simu. Na yupo shemeji yangu mwenyewe, fundi bomba, ambaye kazi ikiwa haba hurudi mapema akajinyoosha kwenye kochi. Wote wana mikono, nimeihesabu. Sasa niambieni, nani ameinjika hata maji? Hakuna!

"Tulikuwa tunakusubiri wewe," wanamwambia.

Tulikuwa tunakusubiri! Mimi ningewasubirisha mpaka wang'oke meno. Dada anasema tu, "Haya, jamani, sasa hivi," anaweka pochi chini, anaingia jikoni na viatu bado viko miguuni.

Hapo ndipo tambi zilipoingia kwenye maisha yake. Shemeji alianza kuumwa kichwa, miguu ikawa inajaa, akapelekwa hospitali, akaonekana ana presha ya kutisha. Daktari akamwita dada ndani, akawaeleza wote wawili: figo zimeanza kuchoka. Chumvi ipunguzwe iwe ya kunusa tu, mafuta kidogo, mboga nyingi. Presha isiposhuka, akasema, itabidi tuanze kuzungumza habari ya mashine ya kusafisha damu. Nyote mnamjua mtu aliyefungwa kwenye ile mashine, au mnamjua jirani yake. Dada alirudi nyumbani siku ile hana rangi.

Basi akajitungia chakula. Asubuhi kabla ya kwenda kazini anakatakata karoti, pilipili hoho na mchicha, anafunika. Dengu anazichemsha kabisa. Jioni akiingia tu, maji yanachemkia kwenye birika la umeme, maana sufuria inachelewa, halafu anayamimina sufuriani na kutumbukiza tambi, zile ndefu za paketi. Huku zinaiva, huku kitunguu saumu kinanukia kwenye kijiko kimoja cha mafuta, nyanya zinafuata, karoti, hoho, dengu. Anachota upawa wa yale maji ya tambi anatia kwenye rojo lishikane. Mchicha mwisho kabisa, usife rangi. Chumvi ni ile inayobaki kwenye ncha za vidole viwili, basi. Badala yake anakamulia ndimu. Anachanganya vyote kwenye sufuria moja, anafunika, anaenda kuoga atoe ile pamba kichwani. Ukiwasha redio taarifa ya habari ikianza, inapoisha chakula tayari. Nani mwingine anaweza? Mimi msusi, vidole vyangu vyepesi, na bado siwezi.

Na walizipenda! Wiki ya kwanza walinuna kidogo, "tambi tena, tambi tena," halafu ghafla wakaanza kusifu. Mama mkwe akasema, "Siku hizi Mama Kola amejua kupika." Shemeji alikuwa anakwangua sufuria mpaka unasikia mkwaruzo uani kwangu, maana mimi nimepanga chumba cha uani hapo hapo kwao. Dada akawa na furaha. Nilimwona anatembea ameinua shingo.

Miadi ikafika. Presha? Haikushuka. Imepanda!

Daktari akamgeukia dada, si shemeji, dada. "Mama, unampikia nini huyu?" Dada akaeleza yote, karoti, dengu, ndimu. Daktari akatingisha kichwa kama anayesikiliza uongo wa mtoto. "Chumvi inatoka mahali, mama. Haianguki toka mbinguni. Mkija tena iko hivi, tunaanza safari ya mashine." Mbele ya muuguzi, mbele ya wagonjwa waliokuwa wamepanga foleni mlangoni. Na shemeji kakaa hapo, kainamisha kichwa, kimya. Mkumbuke hilo, kwamba alikaa kimya.

Nyumbani maneno yakaanza. Wifi mtu akasema tambi ni chakula cha uvivu, mume anataka chakula kilichokaa jikoni. Mama mkwe akawa anawaambia wageni, tena dada akiwa yuko hapo hapo anaosha vyombo, "Mwanangu anauguzwa na mtu mwenye haraka." Asante ya punda ni mateke! Dada akapunguza hata ile chumvi ya ncha za vidole, akaacha kabisa. Akawa hapati usingizi. Aliniambia, "Mdogo wangu, nikimuua huyu baba kwa mkono wangu, nitamwambia nini mtoto?" Mimi nikataka kuingia mle ndani niwapasulie ukweli, akanishika mkono. "Niache nitafute kosa langu," akasema. Kosa lake! Nilirudi chumbani kwangu nikapiga mto ngumi.

Sasa siku moja umeme ukakatika mtaa wa saluni ninakosukia tangu mchana, mashine za kukaushia nywele zimekufa, wateja wakaondoka na vichwa nusu. Nikarudi mapema. Huwa sifiki saa hizo, mie huwa narudi watu wameshakaa mezani. Nikamkuta dada ndio kwanza anafunika sufuria. Akanipa kigoda na bakuli la dengu za kesho. "Nichambulie mawe, nakwenda kujimwagia maji." Akatoka. Nikakaa pale jikoni, nyuma ya sufuria, nachambua.

Akaingia mama mkwe. Akafunua mfuniko, akachota chumvi kwenye kopo, kijiko kizima cha chai, akanyunyiza, akakoroga. Hata kuonja hakuonja. Akaniona namtazama.

"Usimwambie dada yako," akaninong'oneza. "Chakula cha daktari hakina ladha. Ukimwambia mpishi hivyo unamtia aibu. Katika nyumba yangu tunarekebisha kimya kimya."

Nikajiambia, huyu ni mtu mzima, tulia, utamwambia dada akitoka.

Hata kijiwe cha pili sijakiona, akaingia wifi mtu. Kopo lile lile. Kijiko kingine. "Shh," akaniambia, "huwa naongeza kidogo, mama asijue, atasema nadharau mke wa kaka."

Wala hajatoka vizuri, binti naye huyo, na paketi ya kiungo cha mchuzi, zile za unga, ambazo nusu yake ni chumvi tupu. Akachana kwa meno, akamwaga yote. "Mama mdogo, usiwaambie. Mama anajitahidi, sitaki ajue hazina ladha."

Nikasema, Mungu wangu, hawa wote kila siku? Na kila mmoja anadhani yuko peke yake!

Akaingia shemeji. Kaja kubeba sufuria apeleke mezani, kazi yake hiyo moja ya nyumbani, na anavyoibeba ungedhani anabeba jokofu. Akatazama mlangoni. Akanyoosha mkono kwenye kopo.

"Weka chini hilo kopo!"

Nilipiga kelele mpaka jirani akazima redio. Bakuli likanianguka, dengu zikatapakaa sakafu nzima. "Na wewe? Na wewe mwenye figo? Mkeo anaitwa muuaji hospitalini, umekaa kama gunia, na kumbe mkono wako umo?"

"Shemeji, ni kidogo tu," akasema, "cha kuondoa ubaridi."

"Kidogo chako, na kidogo cha mama yako, na kidogo cha dada yako, na paketi ya binti yako! Wanakusaidia kufa na wewe mwenyewe umo, eti mnaona aibu kumwambia mpishi!"

Wakaja wote mbio. Nikawataja mmoja mmoja kwa kidole, na adabu zangu zote zilikuwa zimeshapanda basi zikaondoka. Wakaangaliana. Wifi mtu akasema, "Mama, na wewe unatia?" Binti akaziba mdomo. Shemeji akaishika meza. Naona ndio kwanza ilimwingia, zile sahani mbilimbili alizokuwa anapakua kila jioni zilikuwa na nini ndani.

Lakini mama mkwe si mtu wa kushindwa haraka. Akajifunga kanga kiunoni, akaniangalia.

"Haya, sisi tumekosa. Na mpishi je? Si anakula sufuria hii hii? Mbona hajasema hata siku moja kwamba imezidi chumvi? Hana ulimi? Jumapili chakula kikiwa chapwa anakula, siku za kazi kikikolea anakula. Yeye ndiye wa kwanza kujua!"

Kweli, Jumapili dada hapiki kwa haraka, hatoki jikoni mwanzo mpaka mwisho, hakuna anayepata upenyo wa kulisogelea kopo. Lakini siku nyingine zote? Ilikuwaje ulimi wake usimwambie? Nikageuka.

Alikuwa amesimama mlangoni, taulo kichwani, maji yanamchuruzika shingoni. Sijui alisimama hapo tangu lini.

"Mimi siijui ladha ya tambi hizi, mama," akasema.

"Huijui vipi na unazipika kila siku?"

"Naonja rojo kabla sijafunika. Nikitoka kuoga huwa zimekwisha. Mimi naisugua tu sufuria." Alisema kwa sauti ya mtu anayekwambia bomba la uani linavuja. "Huwa nakunywa chai na mkate. Nilifurahi kuona mnazipenda."

Jamani. Watu wanne wameishi nyumba moja na mtu siku zote hizo, wamekula mpaka wameramba kijiko, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, wewe sahani yako iko wapi? Si mume, si mtoto aliyemzaa. Nilitaka kuwararua.

Mama mkwe akavuta kile kigoda changu akakaa, katikati ya dengu zilizomwagika, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee. Binti akaanza kulia. Wifi mtu akaibeba ile sufuria bila kuambiwa, akaenda kuimwaga nje, akarudi akajaza birika maji. Shemeji akashika kisu. Mwanaume anayefunga mabomba ya ghorofa nzima, nyanya moja ikamshinda, ikamtoka mkononi ikaenda chini ya meza. Akapiga magoti kuitafuta, akakaa huko huko chini kitambo kirefu kuliko nyanya inavyohitaji. Nilipomwona mgongo wake unatikisika nikaangalia pembeni. Hasira zangu hazikuisha, lakini nikaangalia pembeni.

Niwaambie mapema msikae roho juu: presha ilishuka, si siku moja, lakini ilishuka, na daktari hakuitaja tena mashine. Kopo la chumvi nililichukua mimi. Liko chumbani kwangu uvunguni, na anayelitaka aje anigongee.

Lakini jioni ile tambi zilichelewa. Karoti zilikuwa zimekatwa vipande vya kumlisha punda, mchicha ulitiwa mapema ukawa mweusi, na birika lilichemka mara mbili kwa sababu binti alisahau. Dada akataka kuinuka asaidie, nikamkandamiza bega. "Ukiinuka nakupiga," nikamwambia, na alijua sitanii. Akakaa. Wakapakua sahani ya kwanza, imejaa mpaka ukingoni, shemeji akaileta mwenyewe kwa mikono miwili akaiweka mbele yake. Wote wanne wakasimama kuizunguka meza, hakuna aliyethubutu kuvuta kiti.

Akachota. Akatafuna. Akachota tena.

Shemeji akajikohoza. "Mama Kola," akamuuliza, "inatosha chumvi?"

Dada hakuinua kichwa.

"Sijui bado," akasema, mdomo umejaa. "Niache kwanza nishibe."