Alama Nyekundu ya Jirani

Jirani yangu ndiye aliyetangulia kubomolewa, nami nilimhurumia kwa moyo mweupe. Tulikuwa tumejenga kwenye mteremko mmoja hapa Kamembe, mji wa mpakani, mfereji tu ukitutenganisha. Yeye muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, mimi fundi cherehani, wajane wote wawili. Mvua zilipokula ukingo wa upande wake, watu wa sekta, yaani serikali ya mtaa, walikuja na kopo la rangi wakamchorea X nyekundu ukutani: hapa ni manegeka, mahali pa hatari, hama. Ukuta wangu wakaugonga kwa ngumi, wakapita. Siku hiyo nilimpelekea maharage. Tena maharage mazuri, ya mawese!

Haikupita miezi mingi akapewa nyumba. Siyo chumba cha kupangishiwa, nyumba. Ni katika mudugudu, kijiji kipya cha serikali, upande wa Gashonga: bomba la maji jikoni, jiko la gesi, na makochi yaliyokuja na nyumba yenyewe. Nilienda kumpongeza, nikakaa kwenye kochi lile, na nilipoinuka nilikuwa mtu mwingine. Nasema wazi: nilimwonea wivu. Kilichoniudhi zaidi ni manung'uniko yake.

"Maman, huku iko mbali na frontière," aliniambia, maana sambaza zake huziuza mpakani. "Bei ya pikipiki inakula faida yote. Na mafasi ya kupanda ndizi iko wapi?"

Mtu amelalia godoro jipya, analilia ndizi!

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Basi nilitia maji. Kila mvua ilipokatika nilitoka nje kuangalia kama ukuta umepasuka, na nilipoukuta mzima nilinuna. Nadhani mlima ule wote ni mimi peke yangu niliyekuwa naomba ufa. Nyumba niliyoijenga na marehemu mume wangu, tofali kwa tofali, niliitazama kama mbuzi aliyekataa kuzaa.

Ufa ukaja. Ulianzia dirishani ukashuka hadi chini, ukapanuka hata mkono ukaingia. Watu wa sekta wakarudi na kopo lao, na walipokuwa wananichorea X yangu nilisimama mlangoni nimevaa kitenge cha sherehe. Nikauliza funguo zinatolewa lini.

"Manyumba ilishaisha, Maman," mkubwa wao akasema kwa upole. "Na hapa hautalala tena, sababu ya mvua. Enda kwanza kwa ndugu. Tutakusaidia kodi kidogo, ungoje bajenge ingine."

Basi hiyo ndiyo X niliyoiombea.

Ndugu sina upande huu wa mto wa mpakani. Aliyekuja na pikipiki kubeba cherehani yangu ni yeye, jirani, bila kuitwa. Akanipa chumba chenye dirisha la mbele, akanipikia, akakataa kodi. Nikamwonea wivu hata wema huo, maana ni mwenye nyumba tu anayeweza kuwa mwema namna ile. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Sijasikia anayeuliza mgeni naye anapona vipi. Kila alipoondoka nilifuta vumbi kwenye yale makochi, kisha nikayasogeza kidogo, yakae nipendavyo mimi.

Wiki iliyopita viongozi wa wilaya walileta wageni kutembelea mudugudu. Jirani alikuwa mpakani na sambaza zake. Niliwafungulia mlango, nikawaketisha, nikawafungulia na bomba waone maji yanavyotoka. Walikuwa wakitikisa vichwa kwa furaha, na mimi nikafurahi nao kama vile wananisifu. Mgeni mmoja akauliza mwenye nyumba ni nani.

"Njo miye mwenye nyumba," nikasema.

Hapo hapo nikamwona jirani mlangoni, beseni kichwani. Alikuwa amesikia. Nikangoja aniumbue mbele za watu, na nilistahili. Alitua beseni lake nje, akavua viatu, akapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

"Pardon, Maman mwenye nyumba," akasema. "Leo utachukua sambaza?"

Wageni wote wakanigeukia kungoja jibu. Nikamkaribisha, naye akaingia, akabaki amesimama kando ya kochi, akisubiri nimwonyeshe pa kukaa.