Zima-Washa na Mtihani wa Mlangoni

Jamani, kama kuna mtu aliyetungiwa mtihani wa kumkomoa, ni Zima-Washa. Mimi nakaa mapokezi, meza yangu inatazamana na mlango wa ndani, kwa hiyo sikusimuliwa. Niliona kwa macho yangu, na hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Zima-Washa ni fundi wa kompyuta wa ofisi yetu. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe, maana ukimwita, "Dada, mashine imegoma," anakujibu hata kichwa hajainua, "Umezima ukawasha?" Na mara nyingi mtu hajazima. Mara nyingine hata waya hajachomeka. Mhasibu wetu, mtu mzima na miwani yake, aliwahi kumpandisha ghorofani mbio akilalamika wadukuzi wameingia, eti herufi zinajiandika zenyewe. Kumbe faili lake la makaratasi limelalia kibodi! Zima-Washa akaliondoa, akasema, "Pole kaka," akashuka zake. Mimi ningemrushia hilo faili.

Basi ikatoka amri kutoka juu kwamba kila anayeshughulikia mashine za ofisi lazima awe na cheti cha usaidizi wa kompyuta na usalama wa mtandao. Asiye nacho, mkataba wake ukiisha asihangaike kuja. Mkataba wa Zima-Washa ulikuwa unaisha mwaka huo huo, na nyumbani anaishi na baba yake mstaafu, hawana pengine pa kushika zaidi ya kazi hiyo. Ikabidi arudi kuwa mwanafunzi.

Mchana tukila, mimi ndiye niliyekuwa namhoji. Nashika kitabu chake, nauliza.

"Nakala rudufu?"

"Nakala ya pili ya kazi yako. Unaiweka mahali pengine, ya kwanza ikiharibika una pa kukimbilia."

"Kirusi na mnyoo?"

"Kirusi kinangoja mtu akifungue ndipo kisambae. Mnyoo unatambaa wenyewe kutoka mashine hadi mashine."

"Ebu niache nimalize kula kwanza," nikamwambia. "Haya, hadaa?"

"Mtu anajifanya bosi wako, au benki, ili umpe neno la siri."

"Kudandia mlango?"

"Asiye na kadi kuingia kwa kumfuata mwenye kadi."

Alikuwa anajibu hata sijamaliza kuuliza. Mtihani wa karatasi akaufanya, akafaulu vizuri tu. Ikabaki sehemu ya vitendo, na hapo ndipo waliponiudhi. Msahihishaji angekuja kazini kwake siku isiyojulikana, bila kujitambulisha, amtazame anavyofanya kazi. Hivi huo ni mtihani au ni kuviziana?

Dada wa watu akawa roho juu kila simu inapolia, maana alijiaminisha kwamba mtego utakuja kwa simu. Bosi akapiga akiwa safarini, anataka abadilishiwe neno la siri haraka, amefungiwa nje ya barua pepe yake. Zima-Washa akamwambia lazima kwanza athibitishe ni yeye, amtajie namba ya kitambulisho chake cha kazi.

"Kwani sauti yangu huijui?" Bosi alifoka hadi mimi nikamsikia mezani kwangu.

"Naijua, bosi, lakini sauti siyo kitambulisho."

Akaweka simu, akaniambia huenda huo ndio mtego wenyewe. Kumbe bosi alikuwa bosi kweli. Alimnunia wiki nzima.

Kisha akaja mzee mmoja na boksi la wino wa printa. Umri wa baba zetu, jasho linamtiririka, boksi lenyewe limemzidi. Alipita pale mapokezi nikiwa nazozana na mgeni mwingine, akaenda kusimama kwenye mlango wa ndani. Zima-Washa akamwona.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Akagusisha kadi yake, mlango ukafunguka. Akampokea boksi, akampeleka hadi chumba cha seva, mle zinamokaa mashine kubwa zinazotunza kazi za ofisi nzima. Akamvutia kiti. Akamletea na maji ya baridi.

Mzee akanywa maji yote, akatoa mfukoni kadi ya msahihishaji na fomu yake, akaandika palepale kwenye kiti alichovutiwa kwamba mtahiniwa hajafaulu.

"Binti, ungeniuliza tu mimi ni nani," akamwambia, na kusema kweli hata yeye uso haukuwa na furaha.

"Baba, nimekuamkia, ukaniitikia. Nirudi tena kukuuliza wewe ni nani?"

Mzee akainuka. Akamwambia tu kwamba atapewa nafasi moja ya kurudia, nayo siku haitatajwa. Lo! Nilitaka nimfuate nje nimpe vidonge vyake. Ufundishwe tangu mdogo kumpokea mkubwa mzigo, halafu mkubwa huyohuyo akufelishe kwa kumpokea? Zima-Washa alijifungia chooni akalia, akatoka amenawa uso, akaniambia, "Simfungulii tena mtu. Hata awe malaika."

Na kweli hakufungua. Mfagizi aliyesahau kadi alisimamishwa. Mke wa bosi alisimamishwa na mkoba wake begani. Watu wakaanza kumsema, eti kitabu kimempanda kichwani, na mimi nikamtetea mpaka nikachoka.

Siku moja akasahau simu nyumbani, baba yake akamletea. Mzee yule sote tunamjua. Akija hupitiliza hadi mlango wa ndani, hugonga kioo, bintiye hufungua, wakazungumza kidogo, akaenda zake. Siku hiyo viti vya wageni vilikuwa vimejaa. Mzee akagonga kama kawaida yake. Zima-Washa akaja hadi kwenye kioo, asifungue.

"Shikamoo baba. Naomba uende mapokezi ukajiandikishe, uwape na kitambulisho."

Baba yake akacheka. "Fungua bwana, miguu inaniuma."

"Siwezi, baba. Kitambulisho kwanza."

Wageni wote wakageuka. Mzee akajipapasa mfuko wa shati, akajipapasa suruali, hakuna kitu. Nani hubeba kitambulisho kwenda kumwona mwanawe?

"We dada, ni baba yako huyo!" nikamwambia.

"Namjua," akanijibu, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Mzee akaja akaiweka simu mezani kwangu, taratibu, akatoka bila kuaga. Hapohapo mwanamke mmoja aliyekuwa anajipepea na gazeti kwenye viti vya wageni tangu asubuhi akainuka, akatoa karatasi zake, akamwambia Zima-Washa amefaulu. Nilishindwa hata kumpigia makofi.

Jioni aliniomba nimsindikize kwao, alikuwa anaogopa kuingia peke yake. Tulimkuta baba yake amekaa kizingitini, amenyoosha miguu, njia yote ameiziba. Zima-Washa akamwamkia. Akaanza kueleza, mtihani, msahihishaji, mkataba, maneno yanagongana mdomoni. Mzee akamwacha amalize.

"Kitambulisho," akasema.

Mimi nikaangua kicheko, nikajua yameisha, ni utani wa baba na bintiye. Mzee hakucheka. Zima-Washa akafungua mkoba, akakitoa, akampa kwa mikono miwili. Baba yake akavaa miwani akakisoma chote, jina alilompa bintiye yeye mwenyewe, na jina lake mzee linalolifuata. Kisha akamrudishia, akakunja miguu, tukapita.