Shali ya Mama Kabedi Iliyokatwa kwa Mkasi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mto, na Mama Kabedi ameshafika Kongolo. Hajatoka barazani kwake, katika mtaa wa wafanyakazi wa reli hapa Kindu. Anafuma. Hudhurungi ya mto Lualaba imepita, kijani cha misitu ya Kibombo kimepita, wekundu wa udongo wa Samba umepita. Sasa sindano zake, ambazo ni spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe, zinaingia katika nyasi za manjano.

Shali hii inafuata njia ya reli. Marehemu mumewe, Kalonji, alikuwa dereva wa treni, na mama huyu wa miaka hamsini na mmoja alisafiri naye mara nyingi hadi Lubumbashi. Kila kituo kina rangi yake, kwa zamu yake, hadi kijivu cha baridi ya Shaba, mkoa wa Lubumbashi, mwisho kabisa.

"Ile yote iko mu kichwa," anasema. "Nikifunga macho, naona gari ya reli inapita."

Anayeisubiri ni binti yake Kasanda, mwanafunzi wa uuguzi Lubumbashi. Juni ya mwaka jana baridi ilimwingia kifuani, akalazwa wiki tatu na kukosa mitihani. Akiikosa tena mwaka huu, anafukuzwa shule.

Sasa tuseme wazi jambo linaloudhi: shali hii ilikuwa tayari tangu Aprili.

Mama Kabedi aliifuma miezi minne. Uzi ulitoka kwenye masweta ya mitumba, kwa bei ya zaire mbili kila moja, kwa jirani yake Hawa, muuza nguo. Na joto hili la Kindu, nani atanunua sweta? Wanawake hao wawili walifumua masweta kumi na moja, wakaosha uzi, wakauning'iniza na mawe ili unyooke.

Kisha ofisi moja ya mji huu, ambayo hatutaji jina lake, na si kwa heshima, ikaazima shali kwa maonyesho ya siku moja. Wageni walikuwa wawili, kutoka Kinshasa, na wote wawili waliipenda. Afisa mmoja akaona njia rahisi. Alichukua mkasi, akaikata katikati, kila mgeni nusu yake.

Aliyewahi kuvaa sweta lililotoboka anajua kilichofuata. Kitu kilichofumwa si kitenge. Vitanzi viliachana kimoja baada ya kingine, wageni wakavuta nyuzi wakicheka, na jioni mama alirudishiwa shali yake ndani ya mfuko wa mchele. Hakuna aliyemwomba radhi. Aliambiwa kwamba kazi yake haina nguvu.

"Nilimuuliza yule mukubwa: papa, kama ulitaka mbili, juu ya nini hukusema? Akanijibu: sitwayeni, rudi kwako, utafuma ingine." Sitwayeni, yaani raia: ndivyo ofisi zinavyotuita.

Inachoma roho. Mtu asiyejua hata kushona kifungo anaharibu kazi ya miezi minne, halafu lawama anaitwika mikono iliyoifanya!

Mama Kabedi alirudi nyumbani, akakaa siku mbili akifungua mafundo, akaanza upya kutoka mtoni. Safari hii anafuma tangu kunapopambazuka hadi giza linapoingia, na vidole vyake vimevimba.

Wiki iliyopita ofisi ile ile ilimtuma mjumbe. Kuna mgeni mwingine anakuja, inatakiwa shali. Mama alijibu kwamba hii ina mwenyewe. Mjumbe akasema watakuja kuichukua kabla ya treni ya Alhamisi.

"Nilimushauri aifiche kwangu," anasema Hawa. "Lakini pale gare, ku stesheni, wanafungua kila kifurushi. Wataiona tu."

Manjano haya yakiisha, Mama Kabedi atakuwa amebakiza kijivu cha Shaba tu; yote ni kazi ya siku nne. Hataificha, wala hataituma.

"Nitapanda gari mi mwenyewe," anasema, bila kuinua macho kwenye uzi. "Nitaivaa tangu hapa, na hii joto yote, mpaka nimufunike nayo Kasanda. Kifurushi wanaweza kunyang'anya. Kumuvua mama muzima nguo mbele ya watu yote ya gare, nione nani atasubutu."

Kwa hiyo wewe utakayemwona Alhamisi pale stesheni, amejifunika sufu na jasho linamtiririka, usidhani ana homa. Mpishe apande.