Jumamosi za Bibi Katika Maktaba ya Chuo

Juzi hapa Mbeya, tukiwa kazini tunakunywa chai ya saa nne, mwenzangu mmoja kijana alisoma kwenye simu yake kwamba chuo fulani kinafikiria kuwafungulia wananchi wa jirani maktaba yake. Akacheka. "Sasa dada, mama na kapu lake la viazi ataenda kufanya nini maktaba ya chuo kikuu?" Wengine nao wakacheka. Mimi nilibaki nimeshika kikombe. Nilikuwa na jibu, ila lilikuwa refu kuliko muda wa chai. Basi nakupa wewe, ndugu yangu, maana najua huna haraka.

Nimekulia Iringa, nje kidogo ya mji, kule ambako nyumba za watu zilichanganyika na mashamba ya mahindi, na juu yetu, kwenye mwinuko, kilikuwepo chuo. Mama yangu alikuwa muuguzi huku Mbeya, kwa hiyo nililelewa na bibi, mama yake mama. Nyumba ya bibi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, jiko limejengwa pembeni, na moshi wake ulitoka kila mahali isipokuwa kwenye tundu alilotoboa fundi.

Jumamosi ilikuwa na kazi zake. Asubuhi na baridi ile ya mwezi wa sita, ambapo ukifungua mdomo unaiona pumzi yako, nilikwenda kuchota maji. Nikirudi naosha masufuria kwa majivu, napukuchua mahindi mpaka dole gumba linawaka. Saa sita tunakula viazi vya kuchemsha na maharage, au, kama mvua zimeanza, ugali na uyoga uliopikwa kwa karanga. Uyoga ule, jamani! Nimeshakula hotelini mara nyingi tangu hapo, na bado sijakutana na chakula cha kuushinda. Baada ya hapo bibi anaoga, anavaa sweta lake la kijani, anafunga kitambaa kichwani, anasema, "Haya, twende tukasome."

Bibi hakujua kusoma hata herufi moja.

Ilianza kwa sababu ya barua. Mama aliandika kila mwezi, kwa mwandiko wa kihospitali ulionishinda mimi mtoto wa darasa la tatu. Mtu aliyeuweza ni mkutubi wa chuo, ambaye alikaa mtaa wetu na alikuwa akiimba besi kwenye kwaya ya kanisani. Siku moja alimwambia bibi, "Mama, nyumbani huwa sipo. Njoo Jumamosi mchana pale maktabani, nitakusomea kwa utulivu."

Bibi akatazama miguu yake. "Na haya matope?"

"Vitabu havina macho, mama. Njoo."

Tukaenda. Nakumbuka bibi alivyosimama mlangoni akisitasita, kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya sala. Sakafu ilinukia nta. Vitabu vilipanda hadi juu darini, na wanachuo wameinama mezani hawatazami kulia wala kushoto. Mkutubi akatupitisha taratibu hadi chumba cha nyuma, kilipokaa magazeti, akafunga mlango, akasoma barua ya mama tangu salamu ya kwanza hadi ya mwisho. Wakati wa kutoka bibi akaniambia kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Nyumba hii ina adabu." Meza tatu nzima zikageuka.

Habari ikasambaa. Jumamosi iliyofuata jirani yetu alikuja na barua ya mwanawe aliyekuwa Mufindi kwenye mashamba ya chai. Akaja mzee mmoja aliyetaka kujua tu timu yake imecheza vipi. Wakaja kina mama wenye fomu za shule za watoto, na mkulima aliyeshika jani la nyanya lenye madoa, akitaka kujua vitabu vinasemaje. Vikapu viliachwa barazani kwa mlinzi, kwa kuwa chakula kilikatazwa ndani, na mlinzi naye hakukosa kiazi chake. Mvua ikinyesha juu ya bati, chumba kile kikanukia masweta mabichi na karatasi, na watu wazima wakijitahidi kunong'ona. Wazee wetu wa Kihehe hawajaumbiwa kunong'ona. Ndiyo maana ule mlango ulifungwa.

Sasa sikiliza uyoga ulivyoingia.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na mkutubi akamwonyesha bibi kitabu kikubwa chenye picha za uyoga. Bibi akakifungua kwa vidole viwili, ukurasa baada ya ukurasa. "Huu siujui. Huu siujui. Huu nao... huu ni wa kwa wenzetu." Akakifunga. "Kitabu kizuri. Lakini mtoto wa hapa akikifuata hiki atakufa njaa, au atakufa kweli."

Mkutubi hakuchukia. Alichukua daftari jipya la kurasa nyingi, akaandika "Uyoga" juu yake, akamwambia, "Basi mama, tuanze hicho chetu."

Miezi ile ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote ya utoto wangu. Kila Ijumaa baada ya shule niliingia msituni na bibi. Alinifundisha kwamba hakuna kanuni moja ya kuutambua uyoga. "Unaujua mmoja mmoja," alisema, "kama unavyowajua watoto wa jirani." Jumamosi tunaupeleka maktabani umefungwa kwenye majani, kila aina na fungu lake. Bibi anataja jina kwa Kihehe, mimi naeleza kwa Kiswahili, mkutubi anaandika, na mwanachuo mmoja wa kike aliyejua kuchora anachora. Wanachuo wengine wakaanza kuchungulia, kisha wakaanza kuvuta viti. Ilifika mahali kina mama wengine nao wakaleta mizizi na majani ya kwao, na wakabishana majina, Mbena na Mhehe, mpaka mkutubi akawa anaandika yote mawili ili amani ipatikane.

Halafu akaja mkubwa mpya wa maktaba. Sitasema alikuwa mtu mbaya, maana hakuwa. Alikuwa mtu wa utaratibu. Alikuta udongo sakafuni na watu wasio na vitambulisho wamekaa kwenye viti vya chuo, akafanya alichofundishwa. Jumamosi moja tulipofika tukakuta karatasi mlangoni. Mlinzi, aliyekula viazi vyetu misimu miwili, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Inasemaje?" bibi akauliza.

Nikasoma: wasio wanachuo hawaruhusiwi kuingia.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Bibi akahamisha kifurushi chake kutoka mkono huu kwenda ule, akamsalimu mlinzi, "Kamwene, baba," kama vile ndiyo kwanza tunafika, kisha akageuka. Uyoga ule tuliupika jioni, na kwa mara ya kwanza niliuona hauna ladha. Iliniuma sana. Yale niliyokuwa nikiyaona makubwa kuliko yote, bibi yangu akisikilizwa na watu wenye kalamu, yalifutwa na karatasi moja.

Zikapita kama wiki tatu. Ilikuwa Jumamosi mchana, tunachambua maharage uani, tukasikia mtu anakimbia. Akaingia kijana mwanachuo, anahema juu juu, mkononi ana sufuria lenye mfuniko. Alikuwa mwenyeji wa Tanga, amepanga chumba na wenzake wawili nyuma ya kanisa.

"Shikamoo bibi. Samahani bibi. Wewe ndiye bibi wa daftari?"

"Marahaba. Daftari gani?"

Akaeleza. Walikuwa wamechuma uyoga msituni, wakaubandika jikoni. Yeye moyo haukutulia, akakimbilia maktaba kuangalia kitabu. Kwenye kitabu uyoga ule ulifanana na picha moja ya kuliwa. Mkutubi alipomsikia akamtolea daftari letu, akamfungulia ukurasa ambao bibi alisema kuna uyoga mweupe unaofanana sana na wa kula, nao unaua. Mkutubi akamwambia akimbie kwake azime moto, kisha aje kwetu.

Bibi akasukuma sufuria pembeni. "Uliopikwa haunisaidii. Mbichi upo?"

Kijana akatoa mfukoni vipande viwili vilivyofungwa kwenye karatasi. Bibi akachukua kimoja, akakigeuza, akapangusa udongo shinani kwa ukucha, akanusa. Nilimwona uso wake ukibadilika.

"Nani amekula?"

"Hakuna, bibi. Yaani... mwenzetu mmoja ameonja tu. Vijiko viwili. Lakini ni mzima kabisa, nimemwacha anacheka."

"Leo atacheka," bibi alisema. "Kesho hatacheka. Mwambie kijana wa watu avae viatu. Hospitali, sasa hivi."

Hakubadili hata kanga. Alifunga ule uyoga mbichi kwenye jani la mgomba, akaniambia nifunge kuku, tukatoka. Yule aliyeonja kweli alikuwa anacheka, na alibisha, kwamba tumbo haliumi, kwamba ana mtihani Jumatatu. Bibi akamshika mkono kama mtoto na hakuuachia mpaka mapokezi ya hospitali. Daktari naye alianza kwa mashaka. Bibi akafungua jani lake mezani pake, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Mwanangu, huu nimeuona ukizika watu watatu wa ukoo wetu. Wote siku ya kwanza walikuwa wazima." Daktari akautazama uyoga, akamtazama bibi, akaita muuguzi.

Usiku ule kijana alianza kutapika, akiwa tayari kitandani na dripu mkononi. Alilazwa zaidi ya wiki, akakonda, macho yakawa ya njano, tukadhani anakwenda. Bibi alimpelekea uji kila asubuhi kabla mimi sijaenda shule. Akapona. Daktari alituambia kwamba lau angesubiri mpaka tumbo limuume, lingekuwa jambo jingine.

Yule mkubwa wa maktaba alikuja nyumbani mwenyewe, kwa miguu, suruali imelowa umande. Bibi alikuwa anamenya viazi, akamsogezea kigoda. Mtu yule akakaa, mrefu, magoti yanafika kidevuni.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Mlango uko wazi. Karibu tena."

Bibi akamaliza kiazi alichoshika. "Nimekusikia, baba. Nitakuja. Lakini sitakuja peke yangu. Mimi najua uyoga tu. Jirani yangu huyu anajua dawa za ng'ombe. Na yule mwenzake ni Mbena, anabisha sana, lakini anajua mizizi. Ukinitaka mimi, utatutaka wote na matope yetu."

Mtu yule akacheka, nadhani bila kutaka. "Waje wote, mama. Nitanunua mkeka wa kupangusia miguu."

Jumamosi iliyofuata hatukupelekwa chumba cha nyuma. Walisogeza meza za ukumbi mkubwa wa kusomea, na wanachuo walijaa hadi kwenye ngazi. Kijana wa Tanga na mwenzake aliyepona walikaa mbele kabisa. Bibi akaombwa asimame. Mbele ya watu wengi vile Kiswahili kikamkimbia, akasema, "Nitasema kwa lugha yangu, huyu atawaambia," akaniweka mkono begani.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, sare ya shule, sweta limetoboka kiwiko. Bibi akasema sentensi, mimi nikaigeuza. Alisema kipande kirefu, akinisubiri bila kunitazama. Nilisikia kalamu zikiandika nilichosema. Baadaye mkutubi akatangaza kwamba wazee wote waliokuwepo watapewa vitambulisho vya maktaba. Bibi alipigwa picha akiwa na kitambaa kichwani, akisema kabisa, "Kitambaa sivui, hata kama chuo ni cha rais."

Kwa miaka mingi baada ya hapo maktaba ile ilikuwa baraza letu. Watu walipatana mle, walijaziana fomu mle, na mzee wa mpira alijifunza kusoma mle akiwa na mvi, ili asimsubiri mtu amsomee matokeo.

Mwaka jana nilipita. Msitu tuliochuma uyoga sasa ni nyumba, nzuri tu, zenye mageti. Chumba cha nyuma kimejaa kompyuta, na watu wamevaa vitu masikioni, kila mtu peke yake. Barua hakuna anayeandika. Mkutubi amestaafu, amerudi kwao Njombe. Bibi tulimzika msimu wa mahindi mabichi, na kijana wa Tanga, mtu mzima sasa mwenye watoto, alisafiri siku mbili kuja kushika jembe makaburini. Sikulia pale chuoni. Nilisimama kidogo katikati ya ukumbi, kichwa juu, kama mtu aliye kwao.

Ile siku ya ukumbini, tulipokuwa tunateremka kurudi nyumbani, bibi alisimama kwenye mikaratusi. Ndipo akasema, "Umenisemea vizuri. Ila kwanza kabisa, kabla sijafungua mdomo, ulisema kitu, sikukisikia vizuri. Uliwaambia nini?"

Niliwaambia, "Huyu ni bibi yangu."