Dirisha la Paa na Maharage ya Mama

Enzi zetu, nyumba ilijengwa na watu wengi na kusengenywa na wengi zaidi. Kule Karuba, Masisi, hukuweza kusimamisha hata jiko la nje bila jirani kuja, kuinamisha kichwa kidogo na kutangaza kwamba nguzo imepinda. Sasa ninaishi Walikale, kwenye mvua na misitu, na binti yangu Neema, mwenye miaka kumi na sita, amejenga nyumba ya ghorofa moja na nusu bila kuinuka kwenye kiti. Nilijaribu kumwambia kwamba nguzo imepinda. Akanijibu kwamba mule hakuna nguzo.

Mule ni ndani ya kompyuta. Mjomba wake alimletea kutoka Goma kompyuta kuukuu yenye mchezo wa maisha. Unaumba vijitu, unavipa majina, unavijengea nyumba. Vinakula, vinaoga, vinanuniana, vinazeeka. Jua likiwaka vizuri kwenye paneli yetu ya sola, Neema anajenga. Vyombo vya mchana vinamsubiri. Vyombo vina subira kuliko mimi.

Wiki iliyopita alikuwa na kazi ngumu, na alinieleza kwa sauti ya fundi mkuu.

"Mama, hii njo etaji ya nusu. Kuta iko mufupi, paa inalala juu yake. Halafu naweka malikarne, ile madirisha madogo inatokea mu paa."

Ilimchukua siku nne. Siku ya kwanza vijitu vilipanda kulala, vikakuta kitanda kimebanwa na mteremko wa paa, vikasimama hapo vikipunga mikono na kulia. Siku ya pili alibomoa, akajenga upya, akasahau ngazi, na baba wa nyumba akabaki juu na njaa mpaka akajikojolea. Nikauliza kwa nini asimwite jirani amletee ngazi. "Jirani yao haiko, Mama." Vyumba sita, watu wawili, jirani hakuna. Kwetu hiyo haiitwi nyumba, inaitwa adhabu.

Sisi tukiwa watoto tulijenga nyumba zetu za mchezo kwa mabua ya mahindi. Baada ya mavuno tulikimbilia shambani na ukungu ukiwa bado haujapanda kilimani, miguu imekufa ganzi kwa umande, tukasimamisha kuta, tukazikandika kwa mavi ya ng'ombe yenye joto, na joto lile ndilo lililotuponya vidole. Baba wa nyumba alikuwa yule aliyepiga kelele zaidi. Tulikula viazi vya kuchoma tulivyovifukia kwenye majivu, tukashushia maziwa ya kuganda, na jioni ng'ombe walipita na kula nyumba nzima, kuta na paa. Hatukulia. Tulijua kesho tutajenga nyingine, na hata leo nasema ng'ombe ndiye aliyetufundisha kwamba nyumba hupita. Vijana wa siku hizi umeme ukikatika wanazimia.

Na ghorofa nusu tulikuwa nayo, tena kabla ya kompyuta. Juu ya jiko la kila mama kulikuwa na dari: miti iliyopangwa, mianzi iliyosukwa juu yake, na juu ya mianzi mbegu za msimu ujao. Moshi wa jiko ulipanda, ukazunguka kule juu, ukatafuta njia kwenye nyufa. Tuliuchukia kwa sababu ulitutoa machozi na kutufanya tunuke hata kanisani, lakini ndio uliowafukuza wadudu. Kwetu mwanaume hakupanda dari. Baba yangu, aliyekuwa na sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili, akitaka maharage aliomba kwa upole kama mgeni. Dari lilikuwa serikali ya mama, na mimi, binti yake wa pekee, nilikuwa waziri wa kupanda na kushuka.

Shida ilianza na kalenda. Katekista wetu alikuwa nayo ukutani, ya mwaka uliokwisha zamani, yenye picha ya nyumba ya Ulaya. Paa lake lilikuwa limetoa vidirisha viwili, na chini kila kitu kilikuwa cheupe. Hatukujua theluji. Sisi watoto wa Masisi tuliamini kuna mtu kamwaga maziwa, na tukamsikitikia mama yake. Lakini mimi sikuwa naangalia maziwa. Nilikuwa naangalia vile vidirisha.

Nilikuwa na miaka kumi. Siku moja mama akiwa shambani nilipanda dari na nyundo. Bati la upande wa nyuma, ule unaotazama malisho ambako watu hawapiti, lilikuwa na kutu, na misumari yake ilipigiliwa juu ya vipande vya kandambili vya kuzuia mvua. Niling'oa miwili, nikalisukuma bati, nikaliinua kwa kijiti cha mkaratusi. Mwanga ukaingia, moshi ukatoka. Nikakaa juu ya gunia la maharage, nikaona barabara inavyoteremka, ng'ombe wadogo wadogo, na vilima mpaka macho yanachoka. Nilijiona mwenye nyumba wa kwenye kalenda. Tangu siku hiyo nilipanda kila nilipopata nafasi, muwa mkononi. Mvua ikija nilishusha bati, ikiisha nilipandisha. Nilijisifu kimoyomoyo kwamba nimeliletea dari hewa safi. Sikujua kwamba wadudu wa maharage nao walikuwa wakiisubiri hewa safi.

Ulipofika wakati wa kupanda, mama aliteremsha gunia uani. Alipolifungua, unga ukaruka. Kila punje ilikuwa na tundu, nyingine matundu matatu. Mama alichota mkono mmoja, akaupepeta, akabaki na maganda. Bibi mzaa baba, aliyeishi hatua chache kutoka kwetu, alikuja kuangalia. Hakupiga kelele. Alisema mara moja tu, kwa sauti ya kutosha majirani, "Mwanamuke wa kupoteza mbegu, ata bwana atapoteza."

Kwetu mbegu haikununuliwa wala haikuombwa ovyo. Mke aliyeishiwa alikwenda kwa mama mkwe, akapiga magoti, kisha akalima shamba la mkwe mpaka limalizike, na lake likisubiri. Mama alipiga magoti uani mchana kweupe. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, nikayameza, na tangu siku ile ya unga sikukanyaga tena dari. Alilima kwa mkwe wake siku kumi na mbili, mvua za kwanza zikampita, na mwaka ule maharage yetu yalikuwa mafupi na machache. Majirani wakampa jina, Mama Unga, na jina lilimfuata mpaka sokoni. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja yakiwa bado mtoto, na nimeyalea mwenyewe zaidi ya miaka thelathini.

Yule mama sasa anaishi nasi Walikale. Vita ilimtoa Karuba, na nyumba ile haipo tena, si dari wala bati. Wajukuu wanamwita Koko. Juzi alisikia shangwe, akaja na fimbo yake kuona Neema amepata nini. Neema alikuwa amemaliza. Paa limekaa, vidirisha vitatu vimetokeza, kitanda kimeingia, vijitu vinalala. Koko aliinama karibu na kioo, akaangalia kwa muda mrefu, kama jirani wa Karuba.

"Jiko iko wapi?"

"Chini, Koko."

"Na moshi?"

"Moshi haiko."

"Njo maana," akasema. "Juu kule batakosa mbegu." Kisha akanigeukia mimi, si Neema. "Sawa na ile ya kwako."

Nikamuuliza ile ipi, kana kwamba nilikuwa nazo nyingi.

"Ile ya bati. Unawaza sikuionaka? Siku ile ya unga nilipanda, nikakuta kijiti na maganda ya muwa wako."

"Mama, sasa juu ya nini haukusema? Walikuita Mama Unga!"

"Ningesema, bangekuita wewe. Mutoto musichana mwenye kuharibu mbegu, nani ataoa? Mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Mimi nililia, mbele ya binti yangu, mwanamke mzima ninayefundisha watoto wa watu kusema ukweli. Nikamwomba msamaha kwa magoti, pale kwenye sementi, na Neema akashtuka, akadhani nimeanguka. Kisha, kwa wema wake, akataka kumridhisha bibi yake. Akasema mule kuna kitufe kimoja tu, ukibonyeza kosa linarudi nyuma kama halikufanyika, anaweza kuondoa vile vidirisha sasa hivi.

"Uache," Koko akasema. "Iko muzuri."

Akakaa kwenye kiti, akavuta kitenge mabegani. Akatuambia kwamba siku ile, kabla ya kugongelea bati, alitoa kichwa nje. Akaona njia inayokwenda Burungu, kwao, alikokuwa hajarudi tangu alipoolewa. Aliiangalia mpaka moto wa jikoni ukazimika, na mkwe wake akaanza kumwita. Ndipo akachukua nyundo.

Leo watoto wetu wanajenga nyumba zenye madirisha juu mpaka kwenye paa, na vijitu vyao vinapita mbele yake kutwa nzima bila hata kimoja kusimama kuchungulia. Mama yangu alipata dirisha moja, kwa mchana mmoja. Aliliziba kwa mkono wake mwenyewe, kisha akashuka kwenda kupiga magoti.