Salamu kwa Simba wa Kambini

"Shangazi, hivi wewe una akili kweli? Mbona umemsalimia mtu aliyekutukana?"

Swali hilo Mwanarehema aliliuliza mwaka wa themanini na nane, akiwa darasa la sita, amekalia mbuzi anakuna nazi huku machozi ya hasira yamemlenga. Redio juu ya kabati ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kusoma kadi ya shangazi yake, na jina la kwanza kabisa kwenye kadi ile, kabla ya ndugu, kabla ya jirani, kabla ya yeye Mwanarehema mwenyewe aliyewekwa mwisho kama mkia wa samaki, lilikuwa la Simba wa Kambini.

Shangazi yake, Mwanasaumu, alichungulia kwenye bakuli, akasema, "Kuna hadi mwisho, usiache nyama kwenye kifuu."

Mwanasaumu huyo watu wa Likoni walimjua kwa mambo mawili. La kwanza ni mbaazi. Alikuwa na kibanda cha makuti karibu na lango la kambi ya jeshi, na kila alfajiri aliuza mahamri na mbaazi za nazi kwa vibarua, watoto wa shule na askari wanaotoka zamu. Tui lake lilikuwa zito, halikuongezwa maji kwa ubahili. La pili ni salamu. Zamani zile kipindi cha salamu kilikuwa ndicho baraza la nchi nzima. Unanunua kadi dukani, unaandika unaowasalimu, unaweka ujumbe wako mwisho, unatia posta. Kisha unasubiri siku mtangazaji akusome na watu wa Busia na Garissa wakusikie kana kwamba mmekaa mkeka mmoja. Watumaji walikuwa na majina yao ya hewani. Mwanasaumu alijiita Mama Tui wa Likoni, na hakuna aliyemwita vingine tena, hata imamu.

Mwanarehema aliishi naye tangu mamake alipofariki. Baba yake Bakari, kakake Mwanasaumu, alifanya kazi bandarini, alale nyumbani leo, kesho asionekane. Kwa hiyo mtoto alilelewa na vitu viwili, harufu ya iliki na sauti ya mtangazaji.

Mambo yalianzia kwenye foleni. Asubuhi moja alifika Luteni Elkana, kijana wa bara aliyehamishiwa kambini si zamani, nyota zinameta mabegani, viatu waweza kujitazama humo. Akapita watu wote akasimama mbele, mkono umeshika sahani.

"Mama, nipe haraka. Nina kazi."

Mwanasaumu alikuwa anachota mbaazi za fundi mmoja wa ujenzi. Hakuinua hata kichwa. "Na hawa waliosimama nyuma yako, baba, wana harusi? Hizo nyota ni za kambini. Hapa kwangu nyota ni ya jaha tu, na jaha ya leo ni ya aliyewahi. Rudi nyuma, mwanangu."

Makuruta waliokuwa kwenye foleni walijizuia, wakashindwa. Mmoja alicheka hadi chai ikamtokea puani. Luteni aliweka sahani chini taratibu, akaondoka bila kula. Watu wakalisahau jambo lile kabla sahani hazijaoshwa.

Yeye hakusahau.

Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, Mwanarehema alikuwa anapepeta mchele na shangazi yake anakanda unga. Redio inasema. Mtangazaji akaja na kadi kutoka kwa mtu anayejiita Simba wa Kambini, Likoni, Mombasa. Jina hilo lilijulikana. Makuruta walikuwa wakimsalimu nalo luteni wao kila wiki, naye akijibu kwa majigambo, akidhani kwamba jina la kubandika linamfunika kama blanketi. Salamu zikasomwa. Kisha ujumbe:

"Vijana wenzangu wa Likoni, jihadharini na mbaazi za yule anayejiita Mama Tui. Kuna dawa anatia sufuriani. Ndiyo maana mwanamume akila pale mara moja, hatoki tena mlangoni pake."

Mtangazaji akacheka. "Haya, Mama Tui, unasikia huko!"

Ungo ulimtoka Mwanarehema, mchele ukamwagika sakafu nzima. Alimtazama shangazi yake akitarajia atapiga kelele, atatukana, atafanya lolote. Mwanasaumu alikuwa amesimama vile vile, vidole vimezama kwenye unga, uso umemkauka kama mtu aliyemwagiwa maji baridi akiwa usingizini.

"Amesema nini?" akauliza, kwa sauti ndogo. "Mwanarehema, huyo mtu amesema nini?"

Mtoto akainama kuokota mchele.

Kwa watu wa kwingine labda ungekuwa mzaha. Hapa petu, kumwambia mwanamke kwamba anawatilia watu dawa chakulani ni kumvua nguo sokoni. Jumatatu, foleni ilikuwa ya watu wachache, wote wazee. Jumanne, fundi wa ujenzi alipita upande wa pili wa barabara akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Sufuria ya mbaazi ikarudi nyumbani imejaa, wakala wao, wakawapa kuku, kuku nao wakachoka. Dhahabu, muuza samaki wa jirani, alikuja kumpa pole, lakini alipokaribishwa sahani alisema ametoka kula sasa hivi, wallahi, tumbo limejaa. Mwanarehema aliona namna alivyoiangalia ile sahani. Hakuamini macho yake. Dhahabu! Aliyekula kibandani miaka yote hiyo!

Pigo kubwa lilitoka Malindi. Binti ya Mwanasaumu alikuwa ameolewa huko, na dereva mmoja akaleta habari zake. Mama mkwe wake amesikia redio. Tangu siku ile hagusi chakula alichopika mkwewe. Anapika chake, kwenye chungu chake, na kukifunika. Amemwambia mwanawe, "Mama akiwa na dawa, binti ameachiwa nini?"

Mwanasaumu aliposikia hayo, aliketi. Kibanda kufa si kitu, alisema, angeuza hata maji. Lakini bintiye kuachwa kwa maneno ya redio!

Bakari alikuja jioni, akasikiliza, akashika kichwa. "Dada, liache. Huyo ni ofisa wa jeshi. Wataka tukatafutwe?"

"Nitafutwe kwa kosa gani? Kwa kusingiziwa?"

"Watu wa bunduki hawaulizwi maswali."

"Basi mie nitawauliza."

Asubuhi yake alivaa buibui, akachukua redio kabatini, akamwambia Mwanarehema, "Twende. Siendi peke yangu penye wanaume tu." Mtoto alitembea nyuma yake ameshika pindo la buibui. Langoni askari wa zamu aliwaambia raia hawaingii. Mwanasaumu akasema sawa, akaketi kwenye jiwe nje ya lango, redio mapajani. Kila gari la wakubwa lililotoka lilimkuta pale, lililoingia likamkuta pale. Adhuhuri wakaitwa ndani.

Mkubwa aliyewapokea alikuwa Meja Ruwa, mtu mzima mwenye mvi za pembeni, mzaliwa wa Rabai, anayesema polepole.

"Karibu, mama. Naambiwa umekataa kuondoka langoni."

"Sikukataa, baba. Nilisema nitaondoka nikisikilizwa." Akaiweka redio juu ya meza, katikati ya makaratasi yake. "Simba wa Kambini ni nani humu?"

Meja akaitazama redio, akamtazama yeye. Alikuwa amekwisha kusikia, ilionekana wazi. Akaagiza Luteni Elkana aitwe. Luteni akaingia, akapiga saluti, na alipomwona mwanamke yule wa mbaazi, rangi ya uso ikamhama.

"Simba wa Kambini ni wewe?"

"Ilikuwa mzaha, afande."

"Mzaha. Mama huyu amecheka?"

Luteni akatazama ukutani.

"Nimekuuliza. Umemwona amecheka?"

"La, afande."

Meja akamgeukia Mwanasaumu. "Mama, huyu ana makosa mawili. Amekukosea wewe, na amelikosea jeshi. Mwanajeshi hatumi neno redioni wala gazetini bila ruhusa. Ataadhibiwa, nakuahidi. Na sasa hivi hapa atakuomba radhi."

"Hapa?" Mwanasaumu alitazama kuta nne za ofisi ile. "Hapa nani atasikia? Mwanangu ataachika Malindi. Maneno yalitokea humu." Akaigonga redio kwa kidole. "Na radhi itokee humu humu."

Mwanarehema alitamani ardhi ipasuke. Alidhani watafungwa hapo hapo, yeye na utoto wake na yote.

Meja alivuta pumzi. "Hilo ndilo nisiloliweza. Nimekwambia, haruhusiwi kusema redioni. Hata kwa radhi. Tangu ile Agosti ya mwaka wa themanini na mbili, askari waasi walipoiteka redio wapindue serikali, ukitaja jeshi na redio kwa pumzi moja, wakubwa wetu hawalali."

"Kwa hiyo sheria yenu ilikuwa imelala alipotukana, na sasa anapotakiwa kuomba radhi ndipo imeamka?"

Meja akaisogeza redio pembeni ya makaratasi yake.

"Redioni hatasema," Meja akasema mwishowe. "Lakini atakuja kibandani kwako, wakati wa foleni, mbele ya watu. Na atakuja amevaa sare."

"Afande," Luteni akanong'ona, "na sare?"

"Ulipotukana ulijificha nyuma ya jina la simba. Safari hii utaonekana."

Habari hazikai kambini. Siku aliyokuja luteni, Likoni nzima ilikuwa imejikusanya karibu na kibanda kile, kila mtu na kisingizio chake. Fundi wa ujenzi alikuwa anafunga kamba za viatu visivyo na kamba. Dhahabu alileta kapu la samaki hadi mbele kabisa. Luteni alitoka langoni peke yake, nyota mabegani, kofia kichwani. Akafika kwenye foleni, ambayo siku hiyo ilikuwa ya watoto wa shule wanaoteta na wazee wawili watatu. Akasimama nyuma. Nyuma kabisa, baada ya mtoto mwenye pua inayotiririka.

Toba! Hakuna aliyewahi kuona jambo kama lile. Ofisa wa jeshi, ambaye wanaume wazima walimpisha njia, anasogea hatua kwa hatua nyuma ya kamasi. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa inatisha kuliko kuchekesha. Mwanarehema, aliyekuwa anatoa mahamri kwenye karai, aliacha moja likaungua.

Alipofika mbele alivua kofia.

"Jina langu ni Elkana," akasema kwa sauti ya gwaride, ikafika hata kwa waliojificha. "Simba wa Kambini ni mimi. Niliyosema redioni juu ya mama huyu ni uongo. Hakuna dawa. Niliona aibu kurudishwa nyuma, nikaamua kumwaibisha. Mama, naomba unisamehe."

Mwanasaumu alimtazama machoni, akachukua sahani, akachota mbaazi, akaweka mahamri juu yake, akampa. Luteni alikula. Alikula amesimama, watu wote wanamtazama mdomoni, hadi akafuta sahani kwa kipande cha mwisho. Akabaki ameishika.

"Mama," akasema kwa haya, "naweza kuongezwa?"

"Ala!" Dhahabu akapiga makofi. "Imemshika! Huyo hatoki tena!"

Hapo ndipo watu walipoangua kicheko, na kicheko kile kikaondoka na ile habari ya dawa kama maji yanavyoondoka na takataka. Kesho yake foleni ilifika barabarani.

Malindi ndiko chungu kilikoendelea kufunikwa. Dereva alipoulizwa, alitikisa kichwa tu.

Wiki chache baadaye ndipo redio iliposoma ile kadi. Mama Tui wa Likoni anamsalimu kwanza Simba wa Kambini. Ujumbe kwake: karibu tena kibandani, sahani yako ipo. Ndipo Mwanarehema alipouliza lile swali lake na kuambiwa akune nazi hadi mwisho. Alinuna siku mbili. Kwake yeye tusi lilikuwa la kusamehewa, sawa, lakini kusamehe na kumtanguliza mtu mbele ya damu yako hewani? Luteni Elkana akahamishwa mwaka uliofuata, akaja kuaga, akaondoka na mahamri kwenye gazeti.

Mwaka wa tisini na tatu, Mwanarehema akiwa kidato cha tatu, binti wa Malindi alikuja kutembea na wanawe, na safari ile alifuatana na mama mkwe. Bikizee alikula mbaazi sahani mbili, akalamba vidole.

"Mie nilikukosea, mama wa watu," akasema ghafla. "Lile tusi nililiamini. Nikakiacha chakula cha mwanao. Halafu siku moja nimeketi, nasikia wamsalimu yule yule bwana, wamkaribisha sahani! Nikasema, toba, mtu na adui yake hawaalikani chakula nchi nzima inasikia. Basi pale palikuwa na uongo, na uongo umeisha. Nikamwambia mkwe wangu, nipakulie."

Mwanarehema alikitua chini chano cha mahamri. Alipomfuata shangazi yake jikoni, alimkuta anapuliza moto.

"Shangazi. Ndiyo maana ulimsalimia? Mbona hukuniambia?"

Mwanasaumu alijifuta moshi machoni kwa upindo wa leso.

"Ulikuwa na hasira, ungesikia nini? Yule kijana aliniomba radhi kwa kweli, mwanangu, nilimwona. Lakini tusi lake lilipanda hewani likafika Malindi. Radhi yake ilikuwa na miguu miwili tu, ikaishia hapo kibandani. Na yeye mdomo walishamfunga. Sasa wangu si ulikuwa wazi? Nikaipandisha hewani mie."